Nyumba ya Posta ya Wajerumani, Lamu: wapangaji wa miaka miwili wameachaje jina la kudumu?

#1 MwanaUsita (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum, na habari zenu nyote.

Mpwa wangu yuko gredi ya sita. Wiki iliyopita alipewa kazi ya kuandika ukurasa mmoja kuhusu jengo la kale la mjini kwao, akachagua lile analolipita kila akienda madrasa, Posta ya Wajerumani. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa hii: "Nyumba hii ilijengwa na Wajerumani." Nikamwambia, mwanangu, futa hiyo. Akanitazama kama niliyemnyang'anya mkate. "Mjomba, si jina lake lasema hivyo?"

Tangu siku hiyo sijatulia. Jina lasema hivyo kweli, na wageni wanaoshuka gatini husoma hivyo hivyo, hupiga picha na kwenda zao. Nimeona niandike hapa kwa urefu, maana nyumba hii naipenda na historia yake ni kubwa kuliko kibao chake.

Kwa wasioijua: iko Usita wa Mui, ndia kuu ya Lamu inayokata mji kutoka kaskazini hadi kusini. Mkitembea leo mtadhani usita uko katikati ya mji, kwa sababu kati yake na bahari kuna safu nzima ya nyumba. Zamani haukuwa hivyo. Ardhi ile ya mbele imepatikana kwa kujaza kingo za maji kidogo kidogo, na hata Ngome, iliyomalizwa mwaka 1821 au karibu na hapo, ilikuwa karibu kabisa na maji. Kwa hiyo aliyefungua ofisi upande huu wakati ule alikuwa jirani wa bandari, anaona majahazi na meli.

Nyumba yenyewe ni ya Kiswahili: mawe ya matumbawe, chokaa, dari ya boriti za mikoko. Wajerumani waliingia humo kama mtu anavyoingia nyumba ya kupanga. Posta ilifunguliwa tarehe 22 Novemba 1888 na ikafungwa Machi 1891. Hesabuni wenyewe, ni miaka 2 na miezi 4. Baada yao nyumba ilirudi kuwa makazi ya watu, miaka mia moja na zaidi, ndoa zikafungwa humo, watoto wakazaliwa humo, mpaka ilipofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1996 chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Sasa swali ambalo mpwa wangu aliniuliza, nami nikaona ni zuri: Wajerumani walitaka nini Lamu, wakati Lamu haikuwa yao?

Jibu liko Witu. Witu iko bara, kusini magharibi ya visiwa hivi. Huko ndiko alikokimbilia Sultani Ahmed wa ukoo wa Wanabahani, watu waliomwita Simba, baada ya watawala wa Zanzibar kuuvunja utawala wa ukoo wake Pate. Akajenga mji msituni, akawapokea wakimbizi wa kila namna, wakiwemo watoro, yaani watumwa waliowatoroka mabwana zao katika mashamba ya bara. Simba alijua kwamba Zanzibar haitamwacha. Wakaja ndugu wawili kutoka Ujerumani, Clemens na Gustav Denhardt, wakakuta mtawala anayetafuta mlinzi. Tarehe 8 Aprili 1885 akawauzia ardhi ya maili 25 za mraba, na mwezi uliofuata, tarehe 27 Mei, Ujerumani ikatangaza himaya juu ya Witu.

Nawaomba msimwone Simba kama mtu aliyedanganywa tu. Alikuwa na hesabu zake. Alitaka bendera ambayo manowari za Zanzibar zingeiogopa.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakakaa wakagawana ramani. Witu ikapewa kipande cha pwani kutoka Kipini hadi mwisho wa kaskazini wa ghuba ya Manda. Visiwa vya Lamu, Manda na Pate vikabaki vya Sultani wa Zanzibar. Hapo ndipo mambo yalipokwama. Himaya ilikuwa na pwani, lakini bandari ya kufaa meli kubwa, forodha, na wafanyabiashara wenye mitaji vyote vilikuwa Lamu, ng'ambo ya mkondo, chini ya liwali wa Zanzibar. Himaya isiyoweza kutuma wala kupokea barua ni kipofu na kiziwi. Ndiyo maana wakaja kupanga nyumba katika mji wa watu wengine.

Na mtazame mwaka wenyewe. Novemba 1888 pwani ya kusini ilikuwa inawaka moto. Abushiri bin Salim na watu wa Pangani na Bagamoyo walikuwa wamewainukia Wajerumani tangu Agosti. Huko kusini posta za Wajerumani za Dar es Salaam na Bagamoyo hazikufunguliwa hadi Oktoba 1890, Abushiri akiwa ameshanyongwa Desemba 1889. Lamu ikatangulia. Posta ya kwanza ya Wajerumani katika Afrika Mashariki yote ikawa ndani ya nyumba ya Mwamu, yaani mtu wa Lamu.

Nitaendelea kuhusu mwisho wake. Kwanza naomba wenye kujua mambo ya stempu na majengo waingie.

#2 ShanganiPwani

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Ahsante kwa uzi, nimeusoma mara mbili.

Nina jambo moja la kusahihisha, si lako bali la watu wengi. Kuna maandishi yanayosema nyumba hiyo ni posta ya kwanza katika pwani ya Afrika Mashariki. Wewe umesema "ya kwanza ya Wajerumani", nakushukuru kwa kuwa mwangalifu. Unguja ilikuwa na posta kabla. Serikali ya India ya Waingereza ilifungua ofisi ya posta Zanzibar mwaka 1868, haikudumu, ikafungwa mwaka uliofuata. Ikarudi mwaka 1875, na safari hii ikakaa miaka 20, mpaka ilipochukuliwa na serikali ya Zanzibar mwaka 1895. Stempu zilikuwa za India.

Wafaransa nao wakafungua yao Unguja mwaka 1889, wakaifunga 1904. Na Wajerumani haohao wa Lamu walifungua Unguja Agosti 1890, wakafunga Julai 1891, hata mwaka haukutimia. Kuna miezi ambayo mtu wa Mji Mkongwe angeweza kuchagua kati ya posta tatu za mataifa matatu. Kila taifa lilitaka barua za watu wake zisipite mikononi mwa mwingine.

Na kuna kamba moja inayounganisha posta zetu za huku Unguja na Lamu. Jengo la posta ya Shangani, lile zuri la barabara ya Kenyatta, lilisanifiwa na J. H. Sinclair. Huyu bwana alipofika Afrika Mashariki miaka ya 1890 alianzia kazi Lamu, ndipo akahamia Unguja, akaishia kuwa Balozi Mkaazi wa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1920. Nikitazama matao yake siachi kuwaza kwamba macho yake yalianza kuzoea kazi ya mafundi wa pwani hukohuko kwenu.

#3 StempuZaKale

Wakuu, hapa mmenigusa. Nakusanya stempu tangu niko sekondari na Lamu ni kati ya vitu ninavyovitafuta na sitavipata, bei zake haziniwezi.

Kwanza, stempu zilizotumika posta ya Lamu hazikuwa na jina la Lamu wala la Afrika. Zilikuwa stempu za kawaida za Ujerumani, zenye thamani ya pfenigi, yaani senti za Kijerumani, zilezile ambazo mtu wa Berlin alibandika. Kinachotambulisha barua ya Lamu ni muhuri uliogongwa juu yake. Ukiondoa muhuri, hakuna tofauti. Ndiyo maana stempu moja ya buluu ya pfenigi 20, ambayo Ujerumani ilikuwa kitu cha kutupwa, ikiwa na muhuri wa Lamu unaosomeka vizuri inakuwa kito.

Kwa nini pfenigi 20? Hiyo ndiyo iliyokuwa nauli ya barua ya kawaida kwenda nchi ya nje, chini ya Umoja wa Posta wa Dunia ulioundwa Bern mwaka 1874. Ajabu ni kwamba Mjerumani wa Lamu au Witu aliyemwandikia mwenzake Hamburg alilipa kama anayeandika nchi ya kigeni. Nauli ya ndani ya pfenigi 10 haikufika kwenye makoloni mpaka mwaka 1899, na wakati huo posta ya Lamu ilikuwa imefungwa miaka 8.

Stempu za Wajerumani zenye thamani ya pesa, fedha ya huku kwetu, zilikuja mwaka 1893 kwa ajili ya Dar es Salaam, Tanga na kwingineko. Walichukua zilezile za Ujerumani wakachapa thamani mpya juu yake. Ya pfenigi 20 ikawa pesa 10, na rupia moja ilikuwa pesa 64. Lamu haikuziona kamwe.

Jambo la pili ndilo ninalolipenda zaidi. Mwaka 1889 zilitokea stempu za Usultani wa Witu wenyewe. Zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, karatasi za rangi mbalimbali, thamani kwa pesa na rupia. Nchi yenyewe iliitwa "Suaheliland" katika makaratasi ya Wajerumani. Wakusanyaji wamezigombania mpaka leo: wapo wanaosema zilitengenezwa kwa ajili ya kuwauzia wakusanyaji wa Ulaya na hazikubeba barua ya kweli. Mimi nasema hivi: hata kama mkono wa Denhardt ulikuwa ndani, kuna mtu aliyekaa akaandika zile herufi. Ni stempu zenye hati yetu tuliyoandikia mashairi, wakati ambapo kwingi kwingine pwani palibandikwa uso wa malkia au tai.

Swali kwa mwanzisha uzi: kuna kisa kwamba Lamu ilikuwa na posta mbili kwa wakati mmoja. Unalijua hilo?

#4 MwanaUsita

Shukrani ShanganiPwani, shukrani sana StempuZaKale. Naam, nalijua, na ndilo nililotaka kufika.

Baada ya Sultani Barghash kufariki Machi 1888, akaja Khalifa bin Said. Pande mbili zikamng'ang'ania kuhusu Lamu: Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki upande mmoja, Kampuni ya Witu ya Wajerumani upande wa pili, kila mmoja akitaka akodishiwe kisiwa pamoja na forodha yake. Wakashindwa kuelewana, wakamtafuta mwamuzi. Akapatikana Mbelgiji, Baron Lambermont. Agosti 1889 akaamua kwamba madai ya Wajerumani hayana nguvu, na Sultani yuko huru kuikodisha Lamu kwa amtakaye. Waingereza wakaipata.

Fikirini jambo hilo. Mbelgiji, akiwa Brussels, akiamua kuhusu forodha ya Lamu. Hakuna Mwamu aliyeulizwa.

Mei 1890 kampuni ya Waingereza ikafungua posta Mombasa na Lamu. Nayo haikuwa na stempu zake, ikaanza na za Uingereza zenye sura ya Malkia Victoria, zikachapwa juu jina la kampuni na thamani kwa ana, sehemu ndogo ya rupia. Kwa hiyo tangu Mei 1890 mji mdogo, unaoweza kuuvuka kwa miguu kabla chai haijapoa, ulikuwa na posta ya Wajerumani na posta ya Waingereza. Ungeweza kulipa kwa pfenigi ukatoka ukaenda ukalipa kwa ana, na mfukoni umebeba rupia.

Halafu tarehe 1 Julai 1890 ukaja mkataba wa Zanzibar na Helgoland. Ujerumani ikaiachia Uingereza Witu na kuitambua himaya yake Zanzibar, nayo ikapata kisiwa cha Helgoland kilicho mbele ya pwani yake mwenyewe. Simba alikuwa ameshafariki. Mrithi wake, Fumo Bakari, akajikuta walinzi aliorithi wamemkabidhi kwa watu ambao yeye na watu wake waliwahesabu kuwa upande wa Zanzibar.

Septemba 1890 Mjerumani Andreas Küntzel, aliyekuja na wenzake kuanzisha kazi ya kupasua mbao, akauawa Witu pamoja na kadhaa kati ya hao wenzake. Na waliokuja kulipiza kisasi hawakuwa Wajerumani. Walikuwa Waingereza, kwa kuwa Witu sasa ilikuwa yao kwenye karatasi. Oktoba mwaka huohuo Admirali Fremantle akashusha jeshi la majini, mji wa Witu ukachomwa moto. Fumo Bakari akafariki Januari 1891. Machi 1891 kampuni ya Waingereza ikashika utawala wa Witu, na Machi hiyohiyo posta ya Wajerumani hapa usitani ikafunga mlango.

Mimi nimezitazama tarehe hizo mbili zikiwa bega kwa bega na sioni haja ya kutafuta sababu nyingine. Posta ile haikuwa ya Lamu, ilikuwa ya Witu. Witu ilipoacha kuwa ya Wajerumani, nani angeipelekea barua?

#5 SwaliTu

Ndugu mwandishi, usinichukie. Nauliza kwa nia njema kabisa.

Kama ni miaka miwili tu, na ni mkoloni, na barua zilikuwa zao wao kwa wao, kwa nini tuhangaike na nyumba hii? Kuna nyumba katika mtaa wa Mkomani zenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za karne ya 18 zinabomoka na hakuna anayezitazama. Pesa na nguvu ziende huko. Mimi kizazi changu kimesoma ya wakoloni mpaka basi.

#6 MwanaUsita

Siwezi kukuchukia, ndugu yangu. Swali lako ndilo la mpwa wangu kwa sura nyingine.

Kuhusu nyumba za Mkomani nakubaliana nawe mia kwa mia, na kama kungekuwa na mfuko mmoja tu wa chokaa ningeupeleka huko kwanza.

Lakini nyumba hii si ya mkoloni. Ndiyo hoja yangu yote. Ukiiacha ianguke kwa sababu jina lake ni la Mjerumani, umempa Mjerumani nyumba ambayo hakuijenga. Nataka ibaki, na nataka isimuliwe upya kuanzia kwa wenyewe: fundi aliyechoma chokaa, familia iliyokaa kabla na baada, na wale watu ambao hakuna picha yao ukutani, waliobeba mifuko ya barua.

Tafakari safari ya barua moja. Inatoka Witu kwa miguu, msituni, mpaka Mkonumbi. Hapo inaingia mashuani, inateremka kwenye hori, mkono wa bahari kati ya mikoko, inavuka mkondo hadi Lamu. Inagongwa muhuri. Inasubiri meli. Meli za kampuni ya British India zilikuwa na mkataba wa barua kati ya Aden na Zanzibar tangu mwaka 1872, na za Wajerumani wenyewe, za kampuni ya Deutsche Ost-Afrika Linie, hazikuanza mpaka 1890. Kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya uhai wa posta hii, barua ya Mjerumani ilitegemea mabega ya mtu wa Witu, tanga la Mbajuni au Mwamu, kisha meli ya Mwingereza. Stempu na muhuri ndivyo pekee vilivyokuwa vya Kijerumani tangu mwanzo hadi mwisho.

Tena tusidhani kwamba kuandikiana kulianza na posta. Lamu ilikuwa ikipeleka nyaraka Mombasa, Unguja, Shihiri na Bombay kwa mikono ya manahodha kabla babu yake Denhardt hajazaliwa. Mashairi ya kujibizana kati ya Mombasa na Lamu wakati wa vita vya Shela yalisafiri kwa jahazi, na yakafika, na yakajibiwa. Nahodha akipewa khati alikuwa amepewa amana. Anwani ilikuwa jina la mtu, mtaa wake, na sifa za baba yake. Hakukuwa na nauli iliyoandikwa, kulikuwa na salamu, dua, na mara nyingine kifurushi cha tende au halua. Na maneno matatu tuliyokuwa nayo, waraka, khati na barua, yote yalikuwepo kabla ya neno "posta" kugongwa ukutani.

Hilo ndilo ningetaka kibao kiseme.

#7 FundiChokaa_Langoni

Wanangu, salaam. Mimi ni mtu mzima, kuandika kwa simu ni kazi, mnivumilie. Nimefanya kazi ya ujenzi wa nyumba za mawe hapa mjini zaidi ya miaka 40, na kabla yangu baba yangu.

Mwanangu MwanaUsita umesema kweli, nyumba ile si ya Mzungu. Ukiingia tu unajua. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba. Hiyo si kupenda, ni boriti. Boriti ya mkoko haipiti urefu fulani kabla haijaanza kulegea, basi upana wa chumba cha Kiamu huwa ni hatua tatu au nne, hapo ukuta. Ndiyo maana nyumba zetu zaenda kwa safu: daka ya mlangoni, kiwanda yaani ua, msana yaani ukumbi, kisha ndani. Kila safu ni ya faragha kuliko iliyotangulia. Mgeni wa biashara hupokewa dakani, hapiti. Sasa fikirieni posta kuwekwa humo. Watu waliokuja na barua walisimama mahali palipojengwa kwa ajili ya mgeni, na pengine hawakuona ajabu yoyote, kwa kuwa ndivyo shughuli ilivyofanywa katika mui huu siku zote.

Nitasema la kazi yangu, maana ndilo linaloniuma. Jiwe la matumbawe lina chumvi na lina tundu. Huvuta maji kutoka chini na hutoa maji kwa hewa. Chokaa humwachia apumue. Saruji humziba pua. Ukipaka saruji juu ya ukuta wa matumbawe, miaka ya mwanzo waona ukuta umenyooka, mzuri, bwana mwenye nyumba afurahi. Maji yamekwama ndani. Chumvi yakusanyika nyuma ya saruji, jiwe lageuka unga, na siku saruji ikibanduka yabanduka na nusu ya ukuta. Nimeitwa nyumba nyingi kuja kutengeneza kazi ya namna hiyo, na kila mara nimeambiwa, "tulitaka iwe imara."

Chokaa nzuri yataka subira. Matumbawe huchomwa kwenye tanuu la magogo, kisha huzimwa kwa maji, kisha huachwa. Baba yangu alikuwa akiiacha miezi, yeye mwenyewe alisema chokaa changa kama kijana mchanga, hasikii. Siku hizi mwenye kazi ataka amalize kabla ya mvua. Vijana wa kujifunza wako, wamebakia wachache, na mshahara wa kujenga nyumba za tofali ni wa haraka zaidi. Siwalaumu.

Basi wewe unayeuliza kwa nini tuhangaike na nyumba hii, nakujibu kama fundi. Kila nyumba moja ya usitani ikitengenezwa kwa chokaa sawasawa, vijana wanne wamejifunza. Hao ndio watakaokwenda Mkomani kwenye zidaka zako.

#8 SwaliTu

Shikamoo mzee. Umenijibu. Sina la kuongeza.

#9 WaTemeke

Shikamooni wazee, habari wakuu. Mimi niko Dar, sijawahi kufika Lamu, lakini uzi huu umenifanya nitazame vingine kitu ninachokitaja kila siku.

Kwetu huku konda akiita "Posta! Posta!" hakuna anayefikiria barua. Posta ni katikati ya mji, ni kazini. Tena kuna Posta ya Zamani kule Sokoine Drive karibu na bandari, lilipo jengo la posta la tangu enzi ya Wajerumani, na kuna Posta Mpya kule Azikiwe. Mtu anaweza kushuka Posta ya Zamani miaka 20 asiulize uzamani wake ulianza lini. Kumbe posta yetu ilikuja baada ya ile ya Lamu kwa karibu miaka miwili! Hilo sikulijua.

Tofauti ninayoiona ni kwamba ya kwetu walijenga wenyewe, kwa mipango ya kukaa. Ya Lamu walipanga. Labda ndiyo maana ya kwetu ikawa jina la mtaa mzima, na ya kwenu ikawa nyumba moja tu.

Naomba kuuliza: kwenda Witu, je, watu bado wanapita njia hiyo ya Mkonumbi?

#10 MwanaUsita

Kaka WaTemeke, karibu Lamu wakati wowote. Siku hizi ukitaka Witu unavuka hadi Mokowe kwa boti dakika chache, unapanda gari, na lami inakufikisha. Hori la Mkonumbi lipo, wavuvi na wakata mikoko wanalitumia, lakini barua haipiti tena.

Mzee wangu FundiChokaa, shikamoo sana. Maneno yako nimempa mpwa wangu ayasome. Ameandika upya ukurasa wake. Sasa unaanza hivi: "Nyumba hii ilijengwa kwa boriti na chokaa na mafundi wa Lamu. Wajerumani waliipanga kutoka 1888 hadi 1891." Amechora na ramani, Witu kushoto, Lamu kulia, na mtu mwenye mfuko kichwani katikati. Mtu huyo amemchora mkubwa kuliko nyumba.

Nina nia ya kufanya jambo moja. Nataka kwenda na mashua ya tanga, bila mashine, kutoka hapa hadi Mkonumbi, kisha nitembee hadi Witu, nijue kwa miguu yangu barua ilichukua muda gani. Mzee, wewe unayajua maji hayo. Niende lini?

#11 FundiChokaa_Langoni

Nenda bamvua, maji yakiwa makubwa, mwanangu, usiende maji mafu. Hori lile maji yakipungua litakuacha juu ya tope mpaka usiku, na mbu wa mle hawana huruma. Toka hapa maji yakianza kujaa, yakubebe yenyewe, ufike Mkonumbi yakiwa yamejaa. Hata hao wa barua hawakwenda kinyume cha maji.

Lala Mkonumbi. Anza kutembea alfajiri, kabla ya jua. Chukua mtu wa hukohuko, usiende peke yako, kuna nyati.

Na huyo kijana mwenye ramani mchukue.

#12 MwanaUsita

Inshaallah, mzee wangu. Bamvua lijalo ni wiki ya pili ya likizo yao. Nimeshazungumza na mwenye mashua. Nitarudi hapahapa na saa zilizoandikwa kituo kwa kituo.